Tusimpigie Makofi Mbunge Anayetulipia Faini

Kila msimu wa siasa unapofika Busia, upande wa Kenya na upande wa Uganda, sifa za waheshimiwa hufanana kama sare za shule. Mheshimiwa ameleta ambulensi. Mheshimiwa ametoa mabati. Mheshimiwa amelipa karo, amechanga matangani, amewanunulia vijana mashine ya boti. Kwa watu wa ziwani ipo sifa moja inayozizidi hizi zote: vijana walikamatwa na askari majini, Mheshimiwa akapiga simu, wakaachiliwa, au Mheshimiwa alitoa pesa mfukoni, faini ikalipwa, mtumbwi ukarudi. Hapo nyimbo huanza, na anayethubutu kuuliza swali huonekana mchawi.

Ninaandika kuipinga sifa hiyo. Mbunge ambaye ufuo wake unalindwa na wanajeshi ana kazi moja ambayo hakuna mtu mwingine anayeweza kumfanyia: kulihoji jeshi hadharani, Bungeni, kwa niaba ya waliomchagua, hadi majibu yaandikwe. Akiiacha kazi hiyo akageuka mdhamini wa mahabusu, hajatuhudumia. Ametusaidia kuuzoea uonevu, na kila tukimpigia makofi tunaurefusha.

Nianze na hali yenyewe, kwa kuwa wengi wanaoijua Busia huijua kwa foleni ya malori na hawajui kwamba ina ziwa. Upande wa Kenya tuna Port Victoria na Sio Port. Upande wa Uganda kuna Majanji, na ng'ambo kidogo ni visiwa vya Sigulu katika wilaya ya Namayingo. Ziwa Victoria limegawanywa katika mafungu matatu yasiyolingana: Tanzania ina takriban asilimia 51, Uganda 43, na Kenya 6 tu. Hesabu hiyo peke yake inaeleza kwa nini mvuvi wa Port Victoria, akimfuata mbuta saa mbili tatu usiku, hujikuta kwenye maji ya nchi nyingine bila kuona kibao wala lango.

Zamani fuo za Uganda zilisimamiwa na vikundi vya wavuvi wenyewe, vile ambavyo hadi leo upande wa Kenya tunaviita BMU. Vilikuwa na kasoro zake. Baadhi ya viongozi wake walikula rushwa, nyavu haramu zikapita mbele ya macho yao, na samaki wachanga wakauzwa sokoni mchana kweupe. Mwaka 2015 Rais Yoweri Museveni alivisimamisha. Mwaka 2017 jeshi la UPDF likaingia ziwani na kitengo maalumu cha kulinda uvuvi. Tangu hapo, mvuvi wa Majanji au Sigulu anayeulizwa saizi ya wavu wake huulizwa na mtu mwenye bunduki.

Sitaki kudanganya kwamba jeshi liliingia bila sababu. Sangara, ambaye huku kwetu tunamwita mbuta, alikuwa amepungua, na viwanda kadhaa vya kuchakata samaki vilikuwa vimefunga milango kwa kukosa cha kuchakata. Kanuni inayokataza kuvua mbuta aliye chini ya sentimita 50 ni kanuni ya busara, kwa sababu anayemla mtoto wa samaki leo hatakuwa na mzazi wa samaki kesho. Ziwa lilihitaji mlinzi. Hilo nalikubali, na yeyote anayetaka kulipinga aende akawaulize wazee wa ziwani uzito wa samaki waliowavua ujanani.

Lakini mlinzi naye hulindwa. Kanuni za Uganda zinataka mtumbwi usipungue futi 28. Mtumbwi wa futi 28 wenye mashine ni mali ya tajiri. Mtumbwi mdogo wa kupiga kasia ni mali ya maskini. Kwa hiyo kanuni ile ile inayomlinda mbuta humwangukia zaidi asiye na mtaji, na inatekelezwa na askari ambaye mvuvi hajui jina lake, hajui mkubwa wake, wala hajui pa kwenda kumshtaki. Mitumbwi na nyavu zimechomwa moto, na jeshi lenyewe halifichi kwamba huchoma. Wabunge wa maeneo ya ziwa wamesimama Kampala mara nyingi wakilalamika kuhusu wavuvi kupigwa. Wanaume wa Port Victoria na Sio Port nao wamekamatwa na kupelekwa ng'ambo, familia zao zikabaki zikichangishana.

Sasa tuangalie kinachotendeka baada ya hapo. Kijana amekamatwa. Mama yake anamwendea mzee wa mwalo, mzee anampigia mwenyekiti, mwenyekiti anampigia msaidizi wa Mheshimiwa. Mheshimiwa, akiwa na simu ya mkubwa wa kambi, anazungumza naye kwa dakika chache. Wakati mwingine zinatumwa pesa. Kijana anarudi nyumbani jioni amechoka, ana njaa, anashukuru. Siku ya Jumapili Mheshimiwa anatajwa kanisani.

Tumepata nini? Kijana mmoja amerudi, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini hakuna karatasi iliyoandikwa. Hatujui alikamatwa kwa kosa lipi, wala kama lilikuwa kosa. Pesa zilizotumwa, kama zilitumwa, hatujui ziliingia katika hazina ya serikali au katika mfuko wa mtu. Askari aliyemkamata hakuulizwa chochote. Wiki ijayo atakamatwa mwingine, na simu itapigwa tena. Mkubwa wa kambi naye amejifunza jambo: mbunge wa sehemu hii ni mtu wa kuomba, na mtu wa kuomba hawezi kudai.

Lipo na jambo baya zaidi. Kijana aliyeachiliwa kwa simu ya Mheshimiwa ana deni kwa Mheshimiwa. Hawezi tena kumuuliza kuhusu barabara, wala zahanati, wala alivyopiga kura Bungeni. Uhuru wake, ambao Katiba ilimpa bure, amerudishiwa kama mkopo. Na yule aliyempigia kampeni mpinzani, je, simu yake itapokewa? Mjane asiyejua nambari ya msaidizi, je? Haki inayotegemea nani anamjua nani haifai kuitwa haki. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na wanasiasa wetu wameigeuza methali hiyo kuwa mpango wa kazi.

Wapo watakaouliza: mbunge mmoja wa mpakani ataliambia nini jeshi? Jibu liko katika Katiba, na linashangaza jinsi lilivyo wazi.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 208, inasema jeshi la UPDF litakuwa la kitaifa, lisiloegemea chama, lenye nidhamu, na lililo chini ya mamlaka ya kiraia. Kifungu cha 209 kinalipa jeshi jukumu la kukuza maelewano kati ya wanajeshi na raia. Kifungu cha 210 kinalipa Bunge mamlaka ya kutunga sheria za kulisimamia jeshi hilo, nidhamu yake ikiwemo. Kifungu cha 90 kinaziwezesha kamati za Bunge kumwita waziri au mtumishi yeyote wa umma aje kutoa ushahidi, zikiwa na nguvu za Mahakama Kuu katika kumlazimisha afike. Kana kwamba hayo hayatoshi, jeshi lenyewe lina wawakilishi 10 ndani ya Bunge. Mbunge wa Samia Bugwe au wa visiwani hana haja ya kuutafuta mlango wa kambi usiku. Wanajeshi wanakaa naye ukumbi mmoja, chini ya Spika mmoja. Anachohitaji ni kusimama na kuuliza.

Na maswali yenyewe si magumu. Tangu mwaka 2017, ni watu wangapi wamekamatwa kutoka kila mwalo wa Busia na Namayingo? Wangapi walifikishwa mahakamani, na katika mahakama ipi? Wangapi waliachiliwa bila mashtaka, na waliachiliwa kwa malipo gani? Mitumbwi mingapi imechomwa, na nani alitia saini amri ya kuichoma? Askari wangapi wameadhibiwa kwa kumpiga raia? Mvuvi mwenye malalamiko ayapeleke ofisi gani, mtaa gani, siku gani? Maswali sita. Mbunge anayeyauliza kila kikao na kurudi Majanji na majibu, hata kama majibu ni ya kukwepa, amefanya kazi kubwa kuliko ambulensi kumi. Swali lililokwepwa Bungeni hubaki kwenye Hansadi, na mwingine atakuja kuliokota hapo. Simu ya usiku haiachi alama yoyote.

Wenzangu wengi hawakumbuki tarehe 20 Mei 2025, ingawa ilikuwa siku ya kupima utumishi wa kila mbunge wa eneo lenye jeshi. Tarehe 31 Januari mwaka huo Mahakama ya Juu ya Uganda ilikuwa imeamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba. Kesi yenyewe ilitokana na Michael Kabaziguruka, aliyekuwa mbunge wa Nakawa, ambaye alishtakiwa mwaka 2016 mbele ya mahakama ya kijeshi akiwa raia na akiwa mbunge. Kabla nusu mwaka haujaisha, Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria ya UPDF yanayoruhusu tena raia kushtakiwa huko kwa baadhi ya makosa, na Rais akayatia saini mwezi Juni.

Kwa mtu anayeishi mbali na kambi, huo ni mjadala wa wanasheria. Kwa mtu ambaye kila usiku anakutana na wanajeshi kazini kwake, ni suala la nani atamhukumu mambo yakiharibika. Ndiyo maana nasema mpigakura wa ufuoni alipaswa kuuliza swali moja kuhusu siku ile: mbunge wangu alikuwa upande gani, na alisema nini? Badala yake tuliuliza ataleta lini mashine za boti.

Tuvuke mpaka tuje upande wa Kenya, tusije tukajidanganya kwamba ugonjwa huu ni wa jirani. Katiba ya Kenya ya 2010 ni kali zaidi kuhusu jeshi. Kifungu cha 241 kinasema majeshi yakitumwa kusaidia wakati wa dharura au maafa ni lazima Bunge la Kitaifa liarifiwe, na yakitumwa kurudisha amani mahali penye vurugu ndani ya nchi ni lazima Bunge hilo liidhinishe. Tuliliona jambo hili Juni 2024, wakati wa maandamano ya vijana, serikali ilipolitoa jeshi na siku iliyofuata ikalazimika kwenda Bungeni kutafuta idhini. Mtu anaweza kuulaumu uamuzi wa wabunge siku ile, nami ni mmoja wa wanaoulaumu, lakini njia ilifuatwa: jeshi likitoka, Bunge huulizwa. Kwa hiyo mbunge wa Kenya hawezi kusema kwamba mambo ya askari hayamhusu.

Mbunge wa Budalang'i au wa Funyula atasema kwamba askari wanaowakamata watu wake ni wa nchi nyingine. Ni kweli, hana amri juu ya UPDF. Lakini ana amri ya kumwita Waziri wa Mambo ya Nje mbele ya kamati, kwa kuwa kifungu cha 125 kinazipa kamati za Bunge la Kenya nguvu kama zile za Mahakama Kuu. Anaweza kuuliza: Kenya imeiandikia Uganda barua ngapi kuhusu wavuvi wa Busia, na zilijibiwaje? Walinzi wetu wa pwani, walioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018, wana boti ngapi upande huu wa ziwa, na kazi yao ni ipi mvuvi anapopotelea ng'ambo? Tunao pia wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha, ambao wananchi wa mialoni hawajui hata sura zao. Ziwa moja, mataifa matatu, jumuiya moja: kama suala hili halifai kujadiliwa Arusha, basi sijui Arusha panafaa kujadiliwa nini.

Nitoe mfano ulio mlangoni petu. Tarehe 24 Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua kituo cha pamoja cha mpaka hapa Busia. Tangu hapo dereva wa lori anakaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Akitozwa pesa anapewa risiti. Akizuiliwa anajua ni ofisi gani iliyomzuia. Foleni bado ni ndefu, na njia za panya bado zinapitwa, lakini mfanyabiashara ana dirisha la kusimama na kulalamika. Mpaka ni ule ule mmoja, unashuka kutoka mjini hadi ziwani. Nchi kavu una madirisha, wino na mihuri. Majini una bunduki na giza. Tofauti hiyo haikuletwa na Mungu. Watu wa malori walikuwa na wasemaji mezani pale sheria na mikataba ilipoandikwa. Watu wa mitumbwi walikuwa na mtu wa kuwalipia faini.

Kwa nini wabunge wetu wanapenda zaidi kulipa kuliko kuuliza? Sababu moja ni sisi wenyewe, na nyingine ni pesa walizowekewa mkononi. Kenya ina Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge tangu mwaka 2003. Imejenga madarasa mengi, na wengi tuliomo humu chuoni tumewahi kupata basari yake, kwa hiyo si jambo la kubezwa. Lakini imemfundisha mpigakura kwamba mbunge ni mgawaji. Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua Agosti 2022 kwamba sheria ya hazina hiyo ya mwaka 2013 ilikiuka Katiba, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema hivyo hivyo kuhusu sheria ya 2015. Msingi wa lalamiko ni rahisi kuuelewa: mtu yule yule hawezi kutunga sheria ya pesa, kuzigawa, kisha akajikagua. Na kifungu cha 95 kinachoeleza kazi za mbunge kinataja kuwakilisha, kujadili masuala yanayowahusu wananchi, kutunga sheria, kugawa mapato ya taifa na kuwasimamia watendaji wa serikali. Hakuna mahali kinapotaja ambulensi.

Nimewasikia wanaopinga hoja hii, nami niwajibu kwa heshima.

Wapo wanaosema mwenye njaa hali Hansadi. Kijana yuko korokoroni leo. Utamwambia mama yake asubiri kikao cha Bunge? Sisemi hivyo. Mbunge na apige simu, kama ambavyo jirani yeyote mwenye simu angepiga. Lakini asitulie hapo, na sisi tusitulie naye. Akishapiga simu usiku, asubuhi aandike: jina la kambi, saa, kosa lililodaiwa, kiasi kilicholipwa, na aliyekipokea. Barua hiyo aipeleke kwa waziri, nakala kwa Spika. Tofauti ya mtetezi na dalali ni barua ile ya asubuhi.

Wapo wanaosema kulihoji jeshi ni hatari. Hili ni jambo zito, na sitalipuuza nikiwa nimekaa salama darasani. Mambo ya Kabaziguruka tumeyaona. Lakini hata kugawa misaada hakumfichi mtu. Francis Zaake, mbunge wa Mityana, alikamatwa Aprili 2020 baada ya kuwagawia wapigakura wake chakula wakati wa zuio la korona, na baadaye mahakama ikaamua kwamba haki zake zilikiukwa. Kama anayegawa unga anaweza kukamatwa sawa na anayeuliza swali, basi woga hautoshi kuwa sababu ya kuliacha swali. Tena mbunge anapouliza ana kinga ya Bunge kwa maneno anayosema humo. Mvuvi hana kinga yoyote, na yeye ndiye anayelala majini.

Wapo pia wanaosema hesabu ya hasara za wavuvi haiwezekani, kwa kuwa hawana vitabu wala stakabadhi. Nawapeleka pwani ya bahari, Lamu. Wavuvi wa huko walipopoteza maeneo yao ya kuvulia kwa sababu ya ujenzi wa bandari walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Malindi iliamuru walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Hasara yao ilikuwa imehesabiwa, ikaandikwa, ikasomwa na jaji. Wavuvi wa Lamu hawana elimu ya ajabu kuliko wavuvi wa Sio Port. Walichokuwa nacho ni watu waliokubali kukaa nao chini na kuandika. Huku kwetu mtumbwi ukichomwa, hasara yake huishia kwenye maombolezo ya jioni.

Hapa ndipo tunapoingia sisi tunaosoma Kiswahili, na hapa nataka niwasumbue kidogo wenzangu na walimu wetu.

Nchini Uganda Kiswahili kilibeba kwa miaka mingi sifa mbaya ya kuwa lugha ya jeshi. Tangu enzi za askari wa mkoloni hadi serikali za kijeshi zilizofuata, raia wengi walikisikia kikitoka kwenye kinywa cha mtu aliyeshika bunduki: simama, lala chini, toa. Ndiyo sababu mojawapo ya watu wengi wa nchi hiyo kusitasita kukipokea. Ziwani hali bado ina harufu ya zamani. Mvuvi Msamia akisimamishwa usiku na askari aliyetoka magharibi ya Uganda, lugha inayowakutanisha mara nyingi ni Kiswahili, nacho huja kwa sauti ya amri. Sisi darasani tunakisifu kuwa lugha ya umoja wa Afrika Mashariki. Tutakisifuje kwa haki kama katika maji yetu wenyewe kinatumika kuamrisha tu, na hakitumiki kuhoji?

Njia ipo. Kifungu cha 120 cha Katiba ya Kenya kinakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ardhilhali Bungeni, yaani ombi rasmi la kutaka Bunge lishughulikie jambo lililo katika mamlaka yake. Uganda nayo ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, kitumike katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Kwa hiyo hata lugha ambayo mvuvi ataitumia kulalamika ni kazi ya mbunge kuifungulia mlango.

Sisi tunaoandika insha za kurasa kumi kuhusu dhuluma katika riwaya tunaweza kuandika kurasa mbili za ardhilhali kuhusu dhuluma iliyo mwendo wa matatu kutoka hapa. Tunajua kupanga hoja, tunajua kutofautisha ushahidi na uvumi, tunajua kuandika sentensi ambayo waziri hawezi kujifanya hajaielewa. Kundi la wanafunzi watano likikaa Jumamosi moja na wavuvi wa Port Victoria, likaandika tarehe, mahali, kilichochukuliwa na thamani yake, bila kumtaja mtu asiyetaka kutajwa, litakuwa limempa mbunge wa Budalang'i kitu ambacho hawezi kukijibu kwa mabati. Wenzetu wa upande wa Busia ya Uganda wakifanya hivyo hivyo Majanji, karatasi hizo mbili zitakutana, na hakuna atakayesema tena kwamba ni malalamiko ya watu wa nchi moja dhidi ya nyingine. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na taifa lisilouliza ni hivyo hivyo.

Uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2027 hauko mbali. Wagombea watakuja mialoni na vitu vyao, na hatuna haja ya kuvikataa. Maskini hana anasa ya kurudisha blanketi. Lakini kabla ya kumwimbia aliyepo, tumwombe atuonyeshe kurasa za Hansadi zenye jina lake na neno ziwa. Tumwulize ni waziri gani aliyemwita, siku gani, na alijibiwa nini. Tumwulize orodha ya waliokamatwa iko wapi. Kama atajibu kwa kutuhesabia faini alizolipa, tumwambie wazi kwamba hizo ni hesabu za kushindwa kwake, kwa kuwa kila faini aliyolipa ni swali ambalo hakuliuliza.